Matimba Kabla ya Kushuka

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sifa zote njema zinamstahiki Allah, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone, akamhifadhi tumboni mwa mama yake kiza juu ya kiza, akamlisha humo bila mkono kuonekana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, aliyezaliwa baba yake akiwa ameshafariki, kisha akampoteza mama yake, Bi Amina, akiwa mtoto wa miaka sita, njiani pale Abwa. Alikua akiijua baridi ya nyumba isiyo na mama. Ziwashukie pia aali zake na masahaba zake wote.

Amma baad.

Ndugu zangu waumini, wazee wetu, vijana wetu, na mama zetu mlio nyuma ya pazia. Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Allah katika yale tunayoyaona na yale yanayofanyika mbali na macho yetu, nyuma ya milango iliyofungwa. Leo nataka tuingie kwa mawazo nyuma ya mlango mmoja ambao wanaume wengi wa hapa Nyahanga, Kahama, tumewahi kusimama nje yake na tasbihi mkononi. Ni mlango wa chumba cha upasuaji, siku mama anapojifungua kwa kisu.

Humu msikitini wamo watu wa maduara. Wapo waliochimba Kakola, wapo waliochimba Nyarugusu kule Geita, na wapo wanaoondoka kesho alfajiri kurudi shimoni. Nyinyi nawauliza: ni mchimbaji gani mwenye akili anayeshuka duarani kwanza, halafu ukuta ukianza kumwaga ndipo apige kelele aletewe miti? Hayupo. Matimba hupangwa kabla. Mti unakatwa, unapimwa, unagongwa mahali pake, na fundi anaugusa kwa mkono aone umeshika. Ndipo mtu anasema Bismillahi, anashuka. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuambiwa kwamba kupanga matimba ni upungufu wa imani.

Basi mazungumzo yangu ya leo ni hayo tu: mama anayekwenda kupasuliwa naye anashuka duarani, na anashuka na mwingine tumboni. Matimba yake yapangwe kabla.

Nitawaeleza jambo la nyumbani kwangu. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa kwa upasuaji. Nilikuwa nje kwenye benchi, nasoma nyiradi, sijui lolote. Siku chache baadaye mama watoto akanisimulia. Alichomwa sindano ya mgongo akiwa amekaa, kisha akalazwa. Miguu ikawa mizito kama si yake. Hazikupita dakika nyingi, kichefuchefu kikamjia, jasho jembamba likamtoka, taa ile kubwa ya juu ikawa inakwenda mbali. Akasema kwa sauti ndogo, "Najisikia vibaya." Mtaalamu wa usingizi aliyekuwa kichwani kwake hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia avumilie. Alimtazama usoni, akachukua sirinji iliyokuwa tayari kwenye trei, akasukuma dawa kidogo kwenye mpira wa dripu, akamwambia, "Nipo, mama, nakuona." Taa ikarudi mahali pake. Muda si mrefu mtoto akalia.

Ndugu zangu, nilipoyasikia hayo nilinyamaza. Mke wangu alikuwa ameuinamia mlango wa akhera, na aliyemshika mkono ni mtu ambaye hata jina lake sikuliuliza. Nikamtafuta ndugu yetu mmoja anayesali nasi hapa, ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya usingizi na ganzi, tukakaa baada ya Alasiri. Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mkulima wa mpunga. Alinieleza hivi.

Ndani ya mishipa yetu damu inakwenda kwa msukumo, na msukumo huo ndio presha. Mishipa ina neva zinazoikaza, kama tuta linavyobana mfereji ili maji yafike mbali. Sindano ya mgongo inapeleka dawa ya ganzi kwenye maji yanayozunguka neva za uti wa mgongo. Dawa inazima neva za maumivu, na hilo ndilo tulilolitaka. Lakini inazima pia zile neva zinazokaza mishipa. Mishipa ya miguu na ya tumbo inalegea na kupanuka. Maji ni yale yale, lakini mfereji umekuwa jaruba. Damu inatuama chini, inayorudi kwenye moyo inapungua, presha inaporomoka.

Hilo ni moja. La pili ni uzito wa mimba yenyewe. Mama mwenye mimba pevu akilala chali, mfuko wa uzazi na kilichomo unaulalia mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo, ambao umepita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Siku za kawaida mwili wake unajitetea kwa kukaza mishipa mingine. Akishachomwa sindano, kinga hiyo imezimwa. Kwa hiyo anapigwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Na la tatu ndilo lililonitoa machozi. Mimba inapofikia mwisho, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika kumhudumia mtoto. Ubongo na figo zina namna ya kujilinda kidogo presha ikishuka. Kondo la nyuma halina. Presha ya mama ikishuka, na riziki ya mtoto inashuka saa ile ile. Hewa yake inapungua, damu yake inaanza kuwa na tindikali. Allah ametueleza katika sura ya Luqman kwamba mama alibeba mimba yake kwa udhaifu juu ya udhaifu, na katika sura ya Al-Ahqaf kwamba alibeba kwa taabu na akazaa kwa taabu. Tunayasoma haya kila siku. Siku ile baada ya Alasiri niliuona udhaifu juu ya udhaifu kwa macho ya mtaalamu.

Nikamuuliza, "Hili huwapata wangapi?" Akasema kama hakuna kinga iliyotangulia, wanaweza kufika saba katika kumi, na hata zaidi. Sikilizeni vizuri hapo. Kwa hiyo presha kushuka siyo ajali ya nadra ambayo mtu atasema nani angejua. Jambo hili linajulikana kabla hata mama hajapanda kitandani. Na jambo linalojulikana kabla, maandalizi yake ni wajibu.

Lakini asitoke mtu hapa akasema, "Shekhe amesema sindano ya mgongo ni mbaya." Sijasema hivyo. Sindano hii ni neema. Daktari August Bier wa Ujerumani aliifanya kwanza mwaka 1898, na tangu hapo imewaepusha kina mama wasiohesabika na hatari za kulazwa usingizi kamili, ule tunaouita nusu kaputi. Mama anakuwa macho, anapumua mwenyewe, na anakisikia kilio cha kwanza cha mwanawe. Nanyi mama zetu, mkiambiwa mtaani kwamba sindano hiyo inalemaza miguu au itawaumiza kiuno maisha yenu yote, msiikatae kwa maneno ya kibarazani. Muulizeni mtaalamu, mumweleze hofu yenu, naye atawajibu. Kina mama wengi huumwa mgongo baada ya uzazi hata wasiochomwa sindano yoyote.

Sasa matimba yenyewe ni yapi? Ndugu yetu alinitajia, na nikashangaa jinsi yalivyo madogo.

Mti wa kwanza: mama apimwe presha kabla ya sindano, na namba hiyo ishikwe. Wataalamu wa mataifa mbalimbali walikubaliana mwaka 2018 kwamba ile namba ya juu ya presha isiachwe ishuke chini ya asilimia 90 ya ilivyokuwa mwanzo. Aliyeingia na 120, isipungue 108. Ikifika chini ya 96, hapo ni haraka isiyo na mjadala. Na kupima kwenyewe baada ya sindano ni kila dakika moja au mbili mpaka mtoto atoke. Kupima mara moja na kugeuka kuongea na simu ni kuiacha amana barabarani.

Mti wa pili ni mto, au shuka lililokunjwa, chini ya nyonga ya kulia, ili mama aegemee kushoto kiasi cha nyuzi 15. Hilo halihitaji umeme wala bajeti ya serikali. Shuka lililokunjwa! Linauondoa uzito wa mtoto juu ya mshipa mkuu.

Mti wa tatu ni dripu, ifunguliwe ikimbie mara tu sindano inapoingia, ili jaruba lililopanuka lipate maji.

Mti wa nne ni dawa ya kukaza mishipa. Ipo inayoitwa fenilefrini, ambayo ndiyo wataalamu wale wanaitanguliza, na ipo efedrini, ambayo hospitali nyingi zetu zinaijua zaidi. Iwe imeshavutwa kwenye sirinji, imeandikwa jina, ipo kwenye trei, kabla mama hajainamisha mgongo. Isiwe kabatini, na ufunguo wa kabati uko kwa mtu aliyekwenda kunywa chai. Na tazameni hekima ya Mola wetu: hiyo efedrini asili yake ni mmea, ambao Wachina waliutumia kama dawa kwa karne nyingi, na mwaka 1885 mwanakemia wa Japani, Nagai Nagayoshi, akaitenga dawa iliyomo ndani yake. Mtume ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Tiba ya mama aliyelala Kahama ilikuwa imeoteshwa kichakani, nchi ya mbali, kabla bibi yake hajazaliwa.

Na mti wa tano ni sikio. Mama wa sindano ya mgongo yuko macho, na mara nyingi kichefuchefu chake kinatangulia kabla mashine haijasoma. Ulimi wake ni mashine ya kwanza. Akisema naona kizunguzungu, akisema natapika, akisema pumzi inabana au mikono nayo inakufa ganzi, hilo la mwisho laweza kuwa dalili kwamba dawa imepanda juu kifuani, asiambiwe anadeka. Asikilizwe, maana anayesema ndiye aliye ndani ya duara.

Waumini wenzangu, mnadhani nalikuza jambo? Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mkubwa wa upasuaji wa uzazi katika nchi 22 za Afrika. Ulionyesha kwamba mama anayepasuliwa kwetu huku anakufa kwa kiwango cha karibu mara 50 ya mama wa nchi tajiri. Na miongoni mwa mambo yaliyofungamana na vifo hivyo, mbali na kutoka damu nyingi, yalikuwemo matatizo ya usingizi na ganzi. Mara hamsini! Wanawake wetu hawakuumbwa na mioyo dhaifu kuliko wenzao. Kilichopungua ni matimba.

Na tusiikane neema. Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulihesabu vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulihesabu 104. Wakunga, madaktari na wataalamu wa usingizi walikesha kwa ajili hiyo, Allah awalipe. Lakini katika hao 104, kila mmoja ana jina, na ana mtoto anayeulizia alipo.

Hapa yupo atakayesema moyoni: kazi ya Mungu haina makosa, ajali ikifika imefika. Kweli, kazi ya Allah haina makosa. Yetu ndiyo inayo. Kumbukeni Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni akarudisha watu nyuma. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Naye akamjibu kwa maana ya kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, kisha akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu. Popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Shuka lililokunjwa chini ya nyonga ni kadari. Sirinji iliyo tayari ni kadari. Na uzembe ukisababisha msiba, tusiusingizie Mwenyezi Mungu.

Tena mtazameni Bibi Maryam, amani iwe juu yake, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende. Allah aliyemjaalia mimba bila mume angeweza kumtoa bila chochote. Lakini alimtangulizia kijito cha maji chini yake, akamwambia alitikise shina zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, moyo wake utulie. Hata palipo na muujiza, palipangwa maji, chakula na maneno ya kumtuliza. Sisi tusio na muujiza tutaachaje sababu?

Basi kila mmoja wetu ana mti wake wa kubeba.

Nyinyi waume. Wengi wenu mko maduarani mke anapofikia siku zake, na simu huko chini haishiki. Nyumbani wakwe na mashemeji wanakaa kitako wakisubiri neno lako ndipo mama asaini karatasi ya upasuaji, na saa zinakwenda. Toa neno lako kabla hujaondoka: "Mkiambiwa ni upasuaji, msinisubiri." Acha nauli. Acha namba ya jirani. Hakikisha nyumba nzima inaijua 115, namba isiyo na malipo ya mfumo wa m-mama, ambao ulijaribiwa katika kanda yetu hii ya Ziwa, mkoa wetu wa Shinyanga ukiwemo, kabla haujazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Ikikosekana gari la wagonjwa, huita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Na mpeleke kliniki mapema, ameze vidonge vya kuongeza damu, alale ndani ya chandarua. Mwanamke anayeingia chumba cha upasuaji na damu pungufu, ambaye malaria na lishe duni vimemla miezi tisa, anaanza safari tenki likiwa robo.

Na kama unaona kukaa na mke mgonjwa ni kupoteza zamu ya dhahabu, msikie Sayyidna Uthman. Ilipokuwa siku ya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mke wake Bibi Ruqayya, binti ya Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume alimwamuru abaki amuuguze, akamuahidi ujira wa aliyehudhuria Badr na fungu lake la ngawira. Badr, ndugu zangu! Siku bora ya umma huu. Na mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mkewe Madina akaandikiwa ujira wake. Ni zamu gani ya Kakola iliyo kubwa kuliko Badr?

Nyinyi mama zetu na bibi zetu. Najua mnawapenda wakwe na mabinti zenu. Kwa ajili ya mapenzi hayo, semeni ukweli mkifika leba. Kama binti amepewa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, semeni. Kama ametoka damu tangu alfajiri, msiseme imeanza sasa hivi, kwa sababu mama aliyepoteza damu nyingi huenda sindano ya mgongo isimfae, na mtaalamu atachagua njia nyingine. Ukiificha damu, umemfumba macho. Kama amekula ugali saa mbili zilizopita, semeni. Na kama upasuaji umepangwa tarehe yake, ulizeni mapema lini aache chakula na lini aache maji, wala msimzidishie kwa kukisia. Mwili uliokaushwa na kiu tangu jana huporomoka presha zaidi. Ikiwa ni Ramadhani, mjamzito anayechelea nafsi yake au mwanawe amepewa ruhusa na dini yake. Msimwonee haya kuitumia.

Nyinyi ndugu zetu mliovaa koti jeupe, na mpo humu. Kazi yenu ni ibada mkiifanya kwa ihsani, na ihsani ni kutenda kama unayemwona Allah. Humwoni, lakini Yeye anakuona, na chumba cha upasuaji hakina pazia mbele Yake. Mtume ametuonya kwamba anayejitia utabibu bila kuujua, ni mdhamini wa anachokiharibu. Basi yule ambaye hajui, aite anayejua, na asione haya. Na anayejua, asiache kwa mazoea. Umeshachoma sindano elfu moja salama? Huyu aliyelala mbele yako ni wa kwanza, maana mumewe na watoto wake hawana mwingine. Mtoto akishatoka msishangilie mkasahau kipimo: dawa ya kukaza mfuko wa uzazi nayo ikisukumwa kwa pupa hushusha presha, kwa hiyo isukumeni polepole, na macho yabaki kwa mama. Na jambo moja dogo mfanyieni. Semeni naye. Neno "nipo, nakuona" halipo kwenye orodha ya madawa, lakini mke wangu hajalisahau mpaka leo.

Nasi tuliobaki, wa mpunga, wa maduka, wa bodaboda, tusiseme hayatuhusu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa tano wa Hijra, Bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema la kutibu majeruhi, na sahaba Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa alihudumiwa humo. Hema hilo lilikuwa wapi? Msikitini kwa Mtume. Tiba haikuwa jambo la watu wa nje ya msikiti. Basi na msikiti wetu uwe na hema lake kwa namna ya leo.

Napendekeza mawili. Kwanza, damu. Mwanamume mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia kila miezi mitatu, na mwanamke kila miezi minne. Kamati yetu iwaombe watu wa Damu Salama waje hapa siku ya Ijumaa tutakayokubaliana. Sindano ya mgongo yaweza kwenda vizuri, kisha mama akatoka damu baadaye. Chupa ya damu isiyochangiwa jana haitapatikana leo usiku kwa kulia. Pili, mfuko. Tunapochanga kwa ajili ya zulia na spika, tutenge fungu moja kwa ajili ya wodi ya wazazi. Lakini tusinunue kwa kukisia. Aende mtu wa kamati kwa mganga mfawidhi wa kituo, aulize kwa adabu: nini kimekupungukia mahali anapolala mama? Huenda ni mashine ya kupimia presha, au mkanda wake uliopasuka, au betri. Kitu cha bei ya ndoo chache za mpunga chaweza kuwa ndicho kitakachosimama kati ya mtoto wa Nyahanga na uyatima. Na Allah ameshatuambia katika sura ya Al-Maida kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote.

Ndugu zangu, mwanamke anayefariki katika uzazi Mtume amemhesabu miongoni mwa mashahidi. Ni bishara kwake, wala haifuti hesabu yetu. Kila shahidi atapokewa na Mola wake kwa ukarimu, na sisi tuliokuwa na shuka la kukunja tukaliacha begani tutaulizwa kwa hisabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Na kwa jambo hili ukuta wenyewe haujengeki, maana mama akienda, hakuna fundi wa kumrudisha.

Basi tukitoka hapa, aliye na mke mjamzito amwambie leo, kabla ya Alasiri, yale maneno ya ruhusa. Aliye na zamu ya usiku hospitalini aiangalie trei yake kabla ya kuvaa glovu. Afunge ngamia wake, kisha amtegemee Allah, kama Mtume alivyomwelekeza yule bedui.

Nasema kauli yangu hii, na namuomba Allah msamaha kwa ajili yangu, yenu na Waislamu wote.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye uliyetuhifadhi matumboni mwa mama zetu tulipokuwa hatuwezi hata kukuomba. Wahifadhi kina mama wa Nyahanga, wa Kahama, wa Msalala na Geita, na wa kila mahali, usiku wa leo walio leba na walio juu ya kitanda cha upasuaji. Zitulize presha zao, wape watoto wao pumzi. Iongoze mikono ya wanaowahudumia, uwaondolee uchovu na kiburi. Warehemu waliotutangulia kwa uzazi, uwaandike mashahidi, na uwe mlezi wa watoto waliowaacha. Waliomo duarani warudishe salama kwa wake zao, na wake zao warudishe salama kwao. Na sisi tufanye wenye kupanga kabla ya kushuka, na wenye kukutegemea Wewe baada ya kupanga.

Rabbana taqabbal minna. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.